Maswali Yenu: Ruzuku ya Mbolea Hupitia Mikononi mwa Nani?

Barua nne tulizozipokea mwezi huu zinazungumzia jambo moja, ingawa waandishi wake hawajuani. Zote zinauliza ni nani anayefaidika na fedha ambazo serikali hutoa kwa jina la mkulima, na raia ana haki gani ya kujua. Tumezifupisha kidogo na kuacha majina ya waandishi kama walivyoomba.

Ndugu Mhariri, binamu yangu anaishi Iowa, Marekani, ambako huendesha lori la mahindi msimu wa mavuno. Alipokuja nyumbani mwezi wa Disemba, alifungua simu yake, akaandika jina la mwenye shamba anayemfanyia kazi, na papo hapo nikaona fedha ambazo mtu huyo amelipwa na serikali mwaka baada ya mwaka. Nilishtuka. Je, hiyo ni halali au ni udukuzi? Na kama ni halali, mbona sisi ambao kodi yetu inalipia mbolea ya ruzuku hatuoni kitu kama hicho? — S.K., Changamwe

Ndugu S.K., alichokuonyesha binamu yako ni halali kabisa, na hakikupatikana kwa hisani ya mtu. Marekani imekuwa ikiwalipa wakulima wake ruzuku tangu sheria ya mwaka 1933, iliyotungwa wakati bei za mazao zilipokuwa zimeporomoka, lakini haki ya mwananchi kuona majina ya wanaolipwa ilibidi ipiganiwe mahakamani. Mwaka 1996, katika kesi iliyofunguliwa na gazeti la Washington Post, mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wizara ya kilimo ilipaswa kutoa majina ya watu waliolipwa ruzuku ya pamba. Baadaye shirika moja lisilo la serikali, Environmental Working Group, liliomba rekodi za malipo kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari, likazipanga kwa majina na kwa wilaya, na mwaka 2001 likaziweka kwenye intaneti ili kila mtu azisome. Rekodi hizo zinaanzia mwaka 1995.

Faida yake haikuwa kukidhi udadisi wa majirani. Jina likishaandikwa hadharani linaweza kulinganishwa na orodha nyingine, na hapo ndipo mambo hufichuka. Mwaka 2006 waandishi wa Washington Post walieleza kwamba tangu mwaka 2000 zilikuwa zimelipwa dola zisizopungua bilioni 1.3 kwa watu ambao hawakuwa wakilima chochote, wakiwemo wenye nyumba huko Texas zilizojengwa juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya mpunga, kwa kuwa malipo yalifuata historia ya ardhi na si jasho la mtu. Mwaka uliofuata, wakaguzi wanaolitumikia Bunge la Marekani walichukua orodha ya waliolipwa wakailinganisha na daftari la vifo, wakakuta kwamba kati ya mwaka 1999 na 2005 zilikuwa zimetoka dola bilioni 1.1 kwa majina ya marehemu zaidi ya 170,000, na kati ya hizo asilimia 40 zilitoka miaka mitatu au zaidi baada ya mwenye jina kufariki. Si malipo yote hayo yaliyokuwa ya wizi, kwa sababu mirathi ya mkulima inaruhusiwa kuendelea kulipwa kwa muda fulani wakati warithi wanapomaliza mambo yao. Lakini wizara yenyewe haikuwa imeuliza, na hilo ndilo lililowaudhi walipa kodi.

Hata hivyo, usidhani kwamba huko kila kitu kiko wazi. Mwaka 2008 Bunge lao lilipitisha kifungu kinachoficha taarifa nyingi ambazo mkulima huipa wizara kuhusu shamba lake, ingawa majina na kiasi cha malipo viliachwa wazi. Bima ya mazao ni habari nyingine. Serikali ya Marekani hulipia takriban asilimia 60 ya ada ya bima hiyo kwa niaba ya wakulima, na sheria inakataza kutaja majina ya wanaonufaika. Kwa hiyo kadiri fedha zinavyohamishwa kutoka kwenye malipo ya moja kwa moja kwenda kwenye bima, ndivyo zinavyotoka kwenye mwanga na kuingia kivulini, bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Sasa nije kwetu, kwa maana hapa ndipo ninapotaka tuelewane vizuri. Wengi wanaodai uwazi wa ruzuku nchini Kenya hudai orodha ya wakulima, kwa mfano wa Marekani. Mimi naona tunaanzia pasipofaa. Mkulima wa Iowa huingiziwa hundi au fedha benki. Ruzuku hulipwa kwake moja kwa moja. Mkulima wa Kwale au Kilifi hapewi hata senti moja. Anachopewa ni haki ya kununua mfuko wa kilo 50 kwa bei iliyopunguzwa: mwaka 2022 serikali ilitangaza kuishusha kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha tena hadi 2,500. Tofauti iliyobaki hulipwa na Hazina, na tofauti hiyo haipiti mkononi mwa mkulima hata kidogo. Huenda kwa aliyeagiza mbolea, kwa aliyeipakia kwenye mifuko, kwa aliyeisafirisha na kwa aliyeihifadhi.

Wewe unayeishi Changamwe umeyaona malori hayo zaidi yangu. Sehemu kubwa ya mbolea inayotumika nchini huingia kupitia bandari yetu ya Mombasa, mara nyingi ikiwa imemwagwa tu ndani ya tumbo la meli kama mchanga, ikapakiwa mifukoni baada ya kushushwa, kisha ikapanda barabara ya Nairobi. Kila kituo katika safari hiyo kina karatasi: hati ya meli, cheti cha ubora, mkataba wa ununuzi, stakabadhi ya ghala. Mwaka 2024 serikali ilipolazimika kuondoa sokoni mifuko ya mbolea ya ruzuku ambayo ilibainika kuwa haifikii kiwango, swali la maana halikuwa ni wakulima gani walioinunua, kwa sababu wao walikwisha kuimwaga shambani na mbegu zao juu yake. Swali lilikuwa ni nani aliyeiuza kwa serikali, kwa mkataba upi, kwa bei gani, na ni nani aliyeweka sahihi kwamba imekaguliwa. Ikiwa mlolongo huo ungekuwa umechapishwa tangu siku mkataba ulipotiwa sahihi, mkulima angelijua jina la muuzaji kabla ya kufungua mfuko.

Na kwa kweli sheria inataka hivyo. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali, na Ibara ya 201 inataka uwazi na uwajibikaji katika mambo yote ya fedha za umma. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imekwenda mbali zaidi: taasisi ya umma inapotia sahihi mkataba wa kununua bidhaa au huduma, inatakiwa kuutangaza yenyewe bila kuombwa, ikitaja bidhaa, kiasi cha fedha, jina la aliyepewa kazi na muda wa mkataba. Agizo la Rais nambari 2 la mwaka 2018 nalo liliamuru taarifa za zabuni zichapishwe kwenye tovuti ya serikali kuanzia Julai mwaka huo. Kwa hiyo, Ndugu S.K., tunachokosa si sheria. Tunachokosa ni mtindo wa kuzichapisha taarifa hizo zikiwa kamili, kwa wakati, na kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaweza kuunganisha mkataba wa bandarini na mfuko ulioko ghalani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila kurasa zake zimetawanyika kwenye ofisi kumi.

Assalaam alaikum, Mhariri. Mimi ni mjane, naishi Likoni, lakini nina shamba la ekari mbili Matuga ambalo aliniachia marehemu mume wangu. Nilijiandikisha kwa naibu wa chifu, na kabla ya masika nikapata ujumbe kwenye simu kwamba nina haki ya mifuko miwili. Niliandika nambari ya ujumbe huo kwenye kikaratasi nikakifunga kwenye ncha ya leso, kwa kuwa simu yangu huzima. Nilipofika ghalani, karani alitazama kompyuta akaniambia mifuko yangu ilikwisha kuchukuliwa siku nne zilizopita. Nikamuuliza imechukuliwa na nani, akasema hawezi kuniambia kwa sababu ni siri ya mteja. Mteja si ndiye mimi? — Bi. M.A., Likoni

Waalaikum salaam, mama yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na swali lako la mwisho ndilo jibu lenyewe. Rekodi iliyo chini ya nambari ya kitambulisho chako ni habari yako wewe, na hakuna karani anayeweza kuitumia siri yako kama pazia la kukufichia mambo yako mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilitungwa kukulinda wewe dhidi ya watu wengine, na ndani yake mna haki yako ya kuoneshwa taarifa zinazokuhusu na kutaka zirekebishwe kama si za kweli.

Fanya hivi. Usiufute ujumbe ule wa simu, na mwombe mwanao au jirani akupigie picha yake pamoja na kile kikaratasi. Kisha uandike barua kwa ofisi inayosimamia ghala hilo, ukieleza siku uliyofika, na uombe mambo manne: tarehe na saa ambayo mifuko hiyo iliandikwa kuwa imetolewa; ghala ilimotolewa; njia iliyotumika kulipia; na mfanyakazi aliyeingiza taarifa hiyo kwenye mfumo. Hilo la njia ya malipo usiliache, kwa sababu mtu aliyechukua mifuko yako alilipa shilingi 5,000, na malipo ya simu huacha nyayo. Rekodi ikionyesha kwamba kitambulisho chako kimetumiwa na mtu mwingine, hapo jambo limekuwa kosa la jinai na unapaswa kulipeleka polisi ukiwa na nakala mkononi.

Ongeza ombi la tano, ambalo si lako peke yako. Omba idadi ya mifuko iliyopokewa katika ghala hilo msimu huu na idadi iliyotolewa kila siku. Naeleza sababu. Mwaka juzi nilikwenda kwenye ghala moja, si lazima nilitaje, nikakuta mlangoni karatasi imebandikwa kwa utepe, imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: «Mbolea imekwisha». Haikuwa na tarehe, wala idadi, wala jina la aliyeiandika, na mvua ilikuwa imekwisha kuilowesha mpaka herufi zikachuruzika. Walikuwepo akina mama wasiopungua ishirini wamekaa chini ya mwembe, na hakuna hata mmoja aliyejua kama iliisha asubuhi ile au wiki mbili nyuma, wala kama ilikuwa mifuko mia au elfu. Ubao wenye safu tatu, iliyoingia, iliyotoka na iliyobaki, ungewapunguzia nauli na ungemnyima nafasi yeyote anayepitisha mifuko mlango wa nyuma. Chaki ni rahisi kuliko kompyuta, na sioni kwa nini kila ghala lisiwe na ubao huo kuanzia msimu ujao.

Bwana Mhariri, nimefundisha miaka 31 na sasa ni mstaafu ninayelima mihogo na mahindi kidogo. Sipendi huu mtindo mpya wa kutaka kila jina liandikwe. Mtu akijulikana amepata msaada, jamaa watamwandama, wakopeshaji watamvizia, na mwenye kidogo ataonekana ombaomba. Je, faragha ya mkulima mdogo haina thamani? — Mwalimu mstaafu, Kisauni

Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ni nzito, na imewahi kushinda mahakamani. Umoja wa Ulaya uliwahi kuagiza kwamba majina ya wote wanaopokea ruzuku ya kilimo yachapishwe kwenye intaneti pamoja na kiasi walichopata. Shamba moja la ubia na mkulima mmoja wa Ujerumani walipinga, na tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba kuchapisha majina ya watu binafsi bila kutofautisha aliyepata kidogo na aliyepata kingi, au aliyepata mara moja na anayepata kila mwaka, kulikiuka faragha yao kupita kiasi kinachohitajika. Kampuni hazikupewa kinga hiyo. Baada ya hapo kanuni zilitungwa upya, majina yakarudi kuchapishwa, lakini wanaopokea kiasi kidogo, kisichozidi kima kilichowekwa, hawatajwi kwa majina.

Hukumu hiyo naiona ya busara, na hata Katiba yetu, katika Ibara ya 31, inamlinda mtu dhidi ya mambo yake kuanikwa pasipo sababu. Sidai kwamba mifuko miwili ya mjane wa Matuga ibandikwe mtandaoni ulimwengu mzima uisome. Idadi ya wakulima na ya mifuko kwa kila wadi ingetosha kwa umma.

Lakini kijijini kwenyewe, Mwalimu, nakuomba unikubalie jambo moja. Serikali ya Tanzania ilipoanza kugawa vocha za pembejeo, kazi ya kuwateua wanufaika iliachiwa kamati za vijiji. Watafiti waliofuatilia mgao huo Kilimanjaro walikuta kwamba takriban asilimia 60 ya vocha zilikwenda kwa nyumba za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali na vile vyenye pengo kubwa kati ya matajiri na maskini.   Kwa hiyo pale ambapo aliyeandikisha watu, yaani chifu, naibu wake au mzee wa mtaa, naye yumo kwenye orodha, jina lake na la nyumba yake lisomwe barazani mbele ya wenzake, pamoja na idadi ya mifuko. Aliyeshika kalamu ya kuandika wengine hawezi kudai haki sawa ya kutoonekana na yule aliyeandikwa. Vivyo hivyo kwa kampuni iliyopewa zabuni: hiyo haina jamaa wa kuiandama, na inalipwa kwa kodi.

Umetaja wakopeshaji. Hilo sikulifikiria kabla ya kupata barua yako, na nakushukuru, maana wapo watu wanaosubiri msimu wa mbolea ili wanunue haki ya mkulima kwa nusu bei akiwa hana fedha za kulipia. Orodha yenye nambari za simu ikianguka mikononi mwao itakuwa balaa. Basi nambari za simu na za vitambulisho zisichapishwe popote, kwa hali yoyote.

Mhariri, nataka kuomba habari kuhusu mbolea lakini Kiingereza changu ni kidogo. Nitapata wapi mtu wa kuniandikia, na nitalipa ngapi? — J., Mtongwe

Huhitaji mtu wala malipo, Bwana J. Sheria ya Kupata Habari inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyeweza kuandika anaweza kwenda mwenyewe kueleza kwa mdomo, na ofisa wa habari ana wajibu wa kumsaidia mpaka ombi liwe kwenye maandishi. Kuomba hakulipiwi; unaweza kutozwa gharama za kutoa nakala tu. Hulazimiki kueleza unazitakia nini habari hizo, na hata ukieleza, sababu yako haiwezi kutumiwa kukunyima.

Barua yako inaweza kuwa fupi namna hii: «Mimi ni raia wa Kenya. Kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba kuelezwa idadi ya mifuko ya mbolea ya ruzuku iliyopokewa katika ghala hili msimu huu, tarehe ilizopokewa, jina la kampuni iliyoileta, idadi iliyouzwa na idadi iliyosalia. Naomba pia nakala ya cheti cha ubora cha shehena hiyo.» Chini yake weka jina, nambari ya simu na sahihi.

Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na inaweza kuziongeza mara moja tu kwa siku zisizozidi 14 ikiwa habari ni nyingi. Kama habari unayoitaka iko kwenye ofisi nyingine, inapaswa kulihamisha ombi lako huko ndani ya siku tano, badala ya kukuambia nenda rudi. Ukinyimwa, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Andika nakala mbili. Moja uiache, na nyingine usiondoke nayo kabla haijapigwa muhuri wenye tarehe, kwa sababu bila muhuri huo watakuuliza siku 21 zilianza kuhesabiwa lini.